Jogoo wa Mnada na Tumbo Langu

Nasimulia leo na aibu bado ninayo: kanisa zima la kwetu Kilolo liliwahi kumlilia mtoto wangu, na mtoto hakuwepo, na mimi nilijua.

Mwaka wa sita wa ndoa sina mtoto, hedhi inatoka mpaka naona kizunguzungu, nikaenda kupima ultrasaundi Iringa mjini, daktari akaniambia ni uvimbe kwenye kizazi, siyo kansa, unatolewa na kizazi kinabaki, ila nisikawie. Nikakawia (kisu nilikiogopa, siwafichi, na mume wangu yuko na lori njia ya Mbeya, nyumbani anapita tu). Tumbo likajitokeza. Siku moja mama mkwe akaniangalia weee, akauliza, "Mwanangu, ni kweli hiki ninachokiona?" Nikatabasamu, nikainamisha kichwa. Basi. Tabasamu hilo ndilo lililoniponza.

Akaanza kufuma kisweta cha njano. Kila siku najiambia kesho nitamweleza, kesho yenyewe nakuta kisweta kimeongezeka mkono.

Sikukuu ya mavuno ikafika, mazao yananadiwa mbele ya madhabahu, mama mkwe akamng'ang'ania jogoo mmoja mwekundu mpaka akampata, akamwinua juu: "Huyu ni wa supu ya mkwe wangu, si mnaliona tumbo!" Vigelegele! Nikaitwa mbele. Niliposimama nikasikia joto la damu linashuka miguuni, na sketi yangu ya kwaya ni nyeupe. Akina mama wakanizungushia vitenge, mchungaji akasimamisha mnada, watu wakalia wakiomba mimba isitoke.

Hospitali muuguzi akauliza mimba ya miezi mingapi. "Mitano," akajibu mama mkwe, jogoo bado kwapani (kwa ile haraka hakuna aliyekumbuka kumwacha).

"Mama, hakuna mimba. Ni uvimbe. Nilijua."

Alimwangalia yule jogoo tu, nikatamani bora angenipiga.

Niliongezewa damu, nikapasuliwa, uvimbe ukatolewa. Kizazi kilibaki, ingawa daktari alisema wazi kwamba ningezidi kukawia pengine asingekiokoa.

Siku ya tatu mama mkwe alikuja wodini na supu (ya jogoo yuleyule) na soksi za njano. Kisweta alikuwa amekifumua. "Humu mna baridi, vaa," akasema, na huku ananivalisha, "Ungeniambia, mwanangu, ningekusindikiza mimi mwenyewe siku ileile." Nililia kuliko siku ya kisu.

Sasa mtu akiliangalia tumbo langu na kuuliza, namjibu kabla sijatabasamu.