Shemeji Alisamehe kwa Niaba Yangu, Sasa Naambiwa Ninyamaze

Assalaam alaykum admin na wote mnaosoma. Nifichie jina, ingawa najua watu wa mtaa wetu wa Mabawa wakifika katikati ya kisa hiki watanijua tu. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mjane, naishi hapa Tanga mjini, nauza bajia na kachori barazani kwangu. Binti zangu wawili wameolewa mbali. Nyumba nzima tupo mimi na redio.

Mume wangu aligongwa na bodaboda mwaka juzi. Alikuwa kwenye baiskeli yake anakwenda msikitini kuswali alasiri. Aliniambia akirudi atapitia mkate wa boflo, niweke chai. Pikipiki ikakata kona kwa kasi pale kwenye duka la mkaa, ikamzoa. Magharibi haikumkuta hai, na ile chai niliimwaga kesho yake. Aliyemgonga ni kijana nitakayemwita Hamisi, mtoto wa jirani yangu Mama Shani. Na Mama Shani hakuwa jirani tu jamani, tulikuwa chanda na pete. Nyumba zetu zimegawana ukuta, na kila siku alikuwa ananiuliza kwa sauti ng'ambo ya pili, "Unapika nini leo?" Nikimjibu ananicheka, kisha anakuja kula.

Siku ya maziko shemeji yangu mkubwa alisimama makaburini akatangaza, "Sisi familia tumesamehe, hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na fidia hatutaki." Watu wakaitikia, dua ikasomwa, yakaisha. Mimi nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, nimejifunika kanga. Habari kwamba nimesamehe nilipewa jioni na mpishi wa msiba.

Msinifikirie vibaya. Ningesamehe. Hamisi nimemwogesha mwenyewe akiwa mchanga. Ila nilitaka niulizwe. Nilitaka Mama Shani aingie chumbani, akae kitandani kwangu, tulie wote wawili. Hakuingia. Siku zote za msiba alikaa karibu na mlango anamenya vitunguu, macho chini. Kwake yeye wanaume walishamaliza, na jambo lililosomewa dua halifukuliwi. Eda yangu nzima aliniletea uji kwa mkono wa mjukuu wake, uji mtamu wa pilipili manga kama ninavyoupenda, lakini yeye mwenyewe sikumwona.

Nilipotoka eda nikakuta mtaa umeanzisha mpango wa usalama barabarani. Wanaomba matuta yajengwe, wanapaka vivuko rangi, na Jumamosi asubuhi wanazunguka vijiwe vya bodaboda kuwafundisha vijana kuvaa helmeti na kupunguza mwendo kwenye kona. Mwenyekiti wa kamati akanifuata. "Mama, akiongea trafiki wanasinzia. Ukiongea wewe watasikia." Nikaenda. Nikawasimulia baiskeli, boflo na chai. Katika vijana wale wenye midomo mirefu, mmoja akazima muziki wa pikipiki yake bila kuambiwa. Tangu hapo nakwenda kila Jumamosi. Hamisi sijawahi kumtaja, nasema "kijana mmoja." Lakini Mabawa tunajuana.

Sasa nimekuwa maarufu nisiye na mtu. Bodaboda wakiniona wanapunguza mwendo, "Shikamoo mama!", wananipita taratibu kama wanapita msibani. Nikiinua mkono wanipeleke sokoni, hasimami hata mmoja. Wanaogopa kunibeba! Nakwenda kwa miguu na ndoo yangu ya dengu. Kamati nao wananipigia makofi, wananipa soda, kisha kila mtu anarudi kwake. Mimi narudi kwangu, na ng'ambo ya ukuta namsikia Mama Shani anakohoa. Namjua mpaka kikohozi cha mafua na cha moshi. Upweke wa kumsikia mtu unayempenda akikohoa, na huwezi kumwambia pole, ni mbaya kuliko wa kukaa porini.

Wiki iliyopita nikasikia hodi. Sauti niliijua, ni Mama Shani. Nikatandika mkeka haraka haraka. Hakukaa.

"Shoga, mlisamehe au hamkusamehe?"

"Tulisamehe."

"Basi mbona kila Jumamosi unamzika mumeo upya, na mwanangu unamzika naye? Pikipiki ameacha, usingizi hapati. Akipita wanasema, huyo ndiye kijana mmoja."

Nikamwambia, "Mama Shani, aliyesamehe ni shemeji. Mimi hukuja kuniuliza."

Akanijibu, "Ningekuja kwa uso gani?" Kisha akajifunga kanga yake vizuri. "Uache mambo ya vijiweni, mwenzangu. Ramadhani hii tufuturu pamoja kama zamani. Usipoacha, tubaki hivi hivi." Akaondoka.

Nilikuwa nimeshaamua kuacha, wallahi. Nikaenda kijiweni kuwaaga tu. Dereva mmoja wa huko, hata jina lake silijui, akaniambia, "Mama, mimi nikifika ile kona napunguza. Namkumbuka yule mzee wa boflo." Mzee wa boflo! Hakuwahi kumwona mume wangu hata siku moja, ila anamkumbuka. Shemeji alishamaliza makaburini. Wanangu wakipiga simu wanaulizia afya yangu. Jina la baba yao halitajwi nyumbani kwangu mpaka nilitaje mimi. Nikashindwa kuaga.

Jumamosi hii wanapaka kivuko kwenye kona ile ile, na msemaji ni mimi. Mwezi wa Ramadhani nao umekaribia. Nikisema, wale vijana watapunguza mwendo na mimi nitafuturu na redio. Nikinyamaza, nitapata wa kuniuliza napika nini, lakini mume wangu atakuwa amekufa kabisa.

Msinijibu kwamba nisamehe, hilo watu walishalifanya kwa niaba yangu. Nijibuni nyie mnaokula peke yenu. Mkeka niliomtandikia bado sijaukunja. Jumamosi niende kwenye kona, au nigonge kwa Mama Shani?