Matobolwa Yenye Picha Yangu

Mimi hakuna jambo la kunishangaza. Nimeshuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Geita, na kamba kiunoni, nimetoka na udongo mtupu, nimeshuka tena. Nimeona mtu ananunua pikipiki tatu asubuhi na jioni anakopa chai. Shule niliacha darasa la nne, niliacha mwenyewe, hakuna aliyenifukuza. Leo nina duka Kahama, nina gari la mizigo, na ukifika kwenye kambi za wachimbaji huku kwetu ukaulizia matobolwa, utaletewa pakiti yenye picha yangu nimevaa tai.

Matobolwa, kwa asiyetoka Usukumani, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa mpaka vikauke. Mchimbaji anashuka navyo mfukoni, anatafuna, shibe inakaa. Mama zetu walivitengeneza vya kula siku za njaa. Mimi nikavitia kwenye pakiti.

Aliyekuwa akinitengenezea ni dada yangu mkubwa, mjane, anakaa Didia. Kila msimu nilimlipa kwa gunia, bei ya viazi vibichi sokoni, naye ananikabidhi matobolwa. Sikuona ubaya. Viazi ni vyake, nimevilipa. Kumenya, kuni, maji, kugeuza vipande juu ya jiwe na kukimbia navyo wingu likitanda, hayo yote niliyaita mambo ya nyumbani.

Mwaka jana tukaitwa kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo, ukumbi wa kanisa pale Kahama. Tuliambiwa kila mtu aje na bidhaa yake. Dada alikuwa mjini kwa matibabu ya macho, nikamwomba anibebee kapu. Nikaingia ukumbini na pakiti moja mkononi, dada nyuma na kapu.

Mwalimu alikuwa binti wa umri wa watoto wangu. Akasema somo la leo ni thamani iliyoongezwa. Kabla hajamaliza sentensi nilishanyoosha mkono. Nikasimama, nikamwambia, mwanangu, hilo somo limekaa hapa. Nikaeleza kwamba nanunua kiazi, nauza matobolwa, na tofauti yote iliyopo katikati ni mimi. Watu wakapiga makofi. Nikakaa, nikainuka tena kuongeza kuwa nilianza na sifuri.

Binti akachora kiazi ubaoni, kikatoka kama figo. Akasema tuchukue bei ninayouzia, tutoe vile nilivyonunua kwa wengine: viazi, pakiti, mafuta ya gari. Kinachobaki ndiyo thamani iliyoongezwa. Nikawa natikisa kichwa kama mwalimu mwenzake. Ila hiyo bado siyo faida yako, baba, akasema. Imetokana na kila mkono ulioigusa bidhaa, kwa hiyo humo humo ndimo wafanyakazi wanapolipwa, na kodi, na riba kama umekopa, na mwishoni ndipo anafika mwenye biashara. Akaniuliza nina wafanyakazi wangapi kwenye matobolwa. Nikasema sina.

"Sasa nani anamenya?"

Nikamwonyesha dada, nikaeleza kwamba huyo ni ndugu yangu na mimi kwake nanunua viazi tu.

Binti akamgeukia. "Shikamoo, mama. Huyu mdogo wako unamuuzia nini?"

Dada hakusimama. Kiswahili chake kina Kisukuma kingi, kwa hiyo huongea polepole, na ukumbi ukanyamaza ili umsikie. "Marahaba. Viazi namuuzia. Kumenya nampa. Kuchemsha nampa, na kuni nampa. Jiwe la kuanikia ni la Mungu, hilo wote hatulipi."

Walicheka mpaka wakapiga meza. Muuza mchele mmoja, mtani wangu wa siku zote, akainama sikioni mwangu: "Kumbe tajiri una mfadhili." Nikacheka nao. Masikio yalikuwa yanawaka. Mkononi nilikuwa nimeshika pakiti yangu, na mimi wa pakiti alikuwa ananitazama na ile tai, ambayo kusema kweli ilikuwa ya mpiga picha.

Tulipotoka nilimpa dada nauli na pesa ya soda. Akasema wabeja, ndiyo asante ya kwetu, akapanda gari. Mimi nikaona yamekwisha.

Msimu ulipofika nikatuma pesa na gari kama kawaida. Gari likarudi na magunia manane ya viazi vibichi, vina udongo wake. Dereva akasema ameagizwa aniambie mzigo umetimia. Nikapiga simu.

"Dada, mbona vibichi?"

"Si ndivyo unavyolipia?"

Hakuwa na hasira hata kidogo. Bora angenitukana.

Na mimi nilishaahidi mzigo kwenye kambi mbili. Mke wangu aliyatazama yale magunia, akasema yeye aliolewa na mwenye duka, akarudi dukani. Nikaita vijana wawili. Tukamenya, tukachemsha kwenye pipa, tukaanika juu ya mabati. Kwa juu vikakauka kama magamba, kwa ndani maji tupu, na baada ya siku chache vikaota ukungu mweupe. Nguruwe wa jirani wakafurahi. Mgongo huu uliobeba mawe Geita uliniuma kwa kumenya viazi, na hapo ni gunia moja tu.

Saba yaliyobaki nikayapakia kuelekea Didia. Nilimkuta dada kwenye ule mwamba mpana nyuma ya nyumba yake, anageuza vipande. Nikavua viatu, maana pale hapakanyagwi na viatu, nikamwamkia. Akaitikia, akasema vile anavyovigeuza ni vya mama mmoja wa Shinyanga mjini, anayemlipa kwa kilo. Nikaanza maneno marefu, mara damu moja, mara wateja wananisubiri. Akaniacha nimalize yote.

"Naomba unisaidie, dada."

"Kusaidia nilikusaidia. Ulipokwenda Geita mara ya kwanza niliuza kuku wangu wote upate nauli, na sijawahi kukuuliza. Kwa hivi viazi, niulize bei."

Wale kuku nilikuwa nimewasahau. Nilishauambia ukumbi mzima kwamba nilianza na sifuri, naye amekaa nyuma yangu na kapu langu mapajani.

Nikamwuliza bei. Akasema elfu hamsini kwa gunia, kumenya mpaka kukauka, kuni humo humo. Ilikuwa halali yake, nilijua. Lakini mdomo umezoea soko, nikausikia unasema, "Hupunguzi kidogo?"

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikimkojolea mgongoni. Akapunguza elfu tano kwa mzigo wote.

Nami nikazipokea. Nikahesabu noti pale juu ya jiwe, miguu peku, sikuweza kuinua uso: laki tatu na elfu arobaini na tano.