Mbwa Wangu na Kahawa ya Mama

Mama yangu amelima kahawa pale kijijini kwetu Ruanda tangu hajaolewa, lakini nyumbani kwetu tunakunywa chai. Kahawa ni ya kuuza. Mwaka jana nilikwenda likizo na mbwa wangu wa mjini, mdogo kama kuku, nikapika kahawa jikoni kwake. Mama akaonja, akatema.

“Uchungu gani huu!”

Niliporudi kutoka kuoga, nikakuta amemmiminia mbwa sufuria nzima, pamoja na unga uliotuama chini, na sukari ameongeza. Kwa huruma tu.

Haikuchukua muda mbwa akaanza kutetemeka na kutapika, moyo unamwenda mbio mpaka mbavu zinacheza. Nikampigia simu bwana mifugo.

“Kahawa?” akafoka, hata mama akamsikia. “Hiyo ni sumu kwa mbwa! Tena mdogo hivyo!”

Pikipiki yake ilipofika, mbwa alikuwa ameshakufa.

Hasira zilinipanda, nikatoka nje nimfokee mama. Nikamkuta kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, mikono kichwani.

“Hii hii iliyokusomesha?” akaniuliza. “Na hao tunaowauzia miaka yote, mwanangu, wako hai kweli?”