Mikono Mikavu ya MaZondi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, jua likiwa bado halijayafikia mabati ya Edendale, kitongoji cha Pietermaritzburg nchini Afrika Kusini, Bongekile Zondi amesimama mbele ya kioo cha chumbani mwake akiwa na kopo la mafuta ya mgando mkononi. Analifungua, anayanusa mafuta kama mtu anayemsalimu jirani wa siku nyingi, kisha analifunga na kulirudisha juu ya kabati, nyuma ya kofia yake ya kanisani.

Mikono yake imepauka. Kuanzia viwikoni hadi vidoleni ina weupe wa vumbi, na akipitisha ukucha huachwa mstari kama wa chaki ubaoni. Kwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja aliyelelewa akaleleka, kutoka nyumbani katika hali hiyo hakutofautiani sana na kutoka bila viatu.

"Mama yangu angefufuka," anasema huku akivuta mikono ya sweta hadi kwenye vifundo. "Angeniuliza, 'Bongekile, watu wakikuona hivyo watasema ulilelewa na nani?'"

Leo kinapimwa kipande alichokitengeneza kwa mikono hiyo. Kikionekana kizima, MaZondi, kama anavyoitwa na kila mtu, atapewa cheti na kazi ya kudumu katika karakana moja ya Mkondeni inayotengeneza milango na mikia ya ndege ndogo. Kikionekana kina kasoro, atarudi nyumbani, kwa kuwa amekwisha kuanguka mara moja na nafasi ya tatu haitolewi.

Kwa miaka ishirini na miwili MaZondi alibandika soli katika kiwanda cha viatu mjini Pietermaritzburg. Viatu vya bei ndogo kutoka nje vilipoujaza mji, kiwanda kilifungwa, naye akahamia kwenye kukaanga amagwinya, maandazi ya kwao, mbele ya lango la shule. Kwa mapato hayo alimlisha binti yake asiye na kazi pamoja na wajukuu watatu.

Ndipo akasikia kwamba karakana ya Mkondeni inatafuta watu waliozoea kazi za mikono ili iwafundishe ufundi mpya. Walichukuliwa wabandika soli, washonaji wa viti vya magari na wachomeleaji wa mabodi ya mabasi. Posho ya mafunzo ilikuwa randi elfu tatu na mia tano kwa mwezi, pungufu ya mshahara wake wa viatuni, lakini zaidi ya alichokipata kwenye karai.

Kitu walichofundishwa kilimshangaza tangu siku ya kwanza. Ni kitambaa cheusi kilichofumwa kwa nyuzi za kaboni, kilicholoweshwa gundi yake tangu kinakotoka, nacho huhifadhiwa ndani ya friza. Hukatwa, hupangwa tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu, hufunikwa kwa mfuko wa plastiki na kunyonywa hewa yote, kisha huingizwa tanurini. Kinachotoka ni kigumu kama chuma, na mtu hukiinua kwa vidole viwili.

"Nilicheka," anakumbuka. "Nikasema, kumbe hawa watu ndege wanaishona, halafu wanaioka kama keki!"

Mwalimu wao, Deven Naicker, si mtu wa kucheka. Ameifanya kazi hii tangu ujana wake, na anasema ugumu wa kumfundisha fundi mzoefu ni mazoea yake yenyewe.

"Mchomeleaji akiona kasoro anatafuta nyundo," anasema. "Hapa ukishika nyundo nakutoa nje. Na kila mtu ana nyundo yake, ila wengine hawaijui."

Aliwaeleza mapema kwamba mafuta ni adui wa kazi hii, kwani tabaka lililoguswa na mafuta halishikani na lenzake. MaZondi alisikia na kutii. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa glavu, aliosha viganja kwa sabuni ya vyombo hadi kwenye vifundo.

Katika jaribio la kwanza la mwisho wa mafunzo, alipangwa na Siphamandla Khoza, kijana mrefu aliyekuwa mchomeleaji wa mabasi. MaZondi alitandaza matabaka. Siphamandla alifunga mfuko na kunyonya hewa. Kipande kilitoka tanurini kikimeta, bila doa hata moja la kuonekana kwa macho.

Lakini macho hayatoshi. Kila kipande hupitishiwa mashine inayotuma mawimbi ya sauti ndani yake, ndugu wa ile wanayopimiwa akina mama wajawazito. Palipo pazima huonekana bluu kwenye kioo cha kompyuta, na palipoachana huonekana pekundu. Katikati ya kipande chao palitokea doa jekundu, refu, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili.

"Hewa imeingia," alisema Naicker. "Mfuko ulivuja."

"Haukuvuja, Mista Naicker," alijibu Siphamandla. "Niliutazama mshale wa pampu mpaka macho yakauma. Haukusogea."

"Basi hewa imeingia kwa miujiza?"

"Sijui imeingiaje. Najua mfuko wangu."

Kanuni ya jaribio ilikuwa wazi: ambaye kasoro ni yake, huondoka. Ilikuwa Ijumaa. Siphamandla aliambiwa arudishe ovaroli Jumatatu.

Jioni hiyo MaZondi alirudi ndani kuchukua kikombe chake cha chai. Picha ya kipande ilikuwa imechapishwa kwa ukubwa wake halisi na kubandikwa ukutani. Doa lile lilimkera kama neno lililo kwenye ncha ya ulimi.

"Nilidhani ni samaki," anasema. "Kisha nikadhani ni chupa. Nikasogea. Sijui kilichonituma nini, nikakunja mkono wa sweta, nikaulaza mkono wangu pale juu."

Mkono uliingia kama mguu kwenye kiatu chake. Unene wa doa ulikaa chini ya kiwiko na wembamba wake ukaishia kwenye kifundo, hasa pale glavu inapoanzia.

Papo hapo akaelewa. Ovaroli za karakana zilishonwa kwa wanaume warefu, na yeye ni mfupi, hivyo alizoea kukunja mikono yake hadi juu ya viwiko. Kipande nacho ni kipana. Ili kulainisha katikati alilazimika kuinama na kuegemea. Viganja vilikuwa safi. Lakini mkono uliobaki, kutoka kifundoni hadi kiwikoni, ulikuwa umepakwa mafuta asubuhi ile kama kila asubuhi ya maisha yake.

"Nilikuwa nalijua jambo hilo kwenye kiatu!" anasema, na hapa sauti yake inapanda. "Ngozi yenye mafuta haishiki soli. Wasichana wangapi niliwagombeza! Nikakagua kila kitu, nikasahau kwamba na mimi nina ngozi."

Chumbani hapakuwa na mtu. Angeweza kuchukua kikombe chake na kwenda zake, na hafichi kwamba ndivyo alivyofanya. Jumamosi alifua. Jumapili alijipaka mafuta, akavaa sare ya kanisa, akaimba. "Mahubiri yalihusu nini, usiniulize."

Jumatatu alimkuta Siphamandla kwenye lango la karakana. Kijana alikuwa ameikumbatia ovaroli yake ndani ya mfuko wa dukani, imefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Alikuwa ameipiga pasi," anasema MaZondi. "Mtu anafukuzwa kwa kosa lisilo lake, na bado amepiga pasi nguo ya wanaomfukuza. Nikamwambia, wewe, njoo huku."

Alimshika mkono, akampeleka hadi mbele ya Naicker na picha ya ukutani.

"Mista Naicker, mfuko haukuvuja. Ni mimi." Akaulaza mkono wake juu ya doa.

Naicker alitazama mkono, akatazama picha, akatazama tena mkono. "Unajipaka nini?"

"Mafuta ya mgando, baba. Kama watu wote."

"Unajua maana ya kuniambia hivi?"

"Najua. Ndiyo maana nimechelewa siku tatu."

Hawakumsamehe, na hadai kwamba walipaswa kumsamehe. Siphamandla alirudia jaribio na mtu mwingine, akafaulu, akaajiriwa kwenye mashine ya kupima. MaZondi aliondolewa, akaambiwa angojee kundi lijalo kama nafasi ingepatikana. Alirudi kwenye karai lake.

Hata shukrani hakupata. Siphamandla alipita langoni pa shule, akanunua amagwinya manne bila kumtazama. Alipita mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu alisimama.

"Mama, ulilala siku tatu ukijua."

"Nililala nini, mwanangu? Nililala usingizi gani?"

"Mimi nilishamwambia mama yangu kwamba nimefukuzwa. Alilia."

"Nipeleke kwake nikamwambie mwenyewe."

Alimpeleka. Wanawake hao wawili walizungumza kwa muda mrefu, na waliyoyazungumza MaZondi hakutaka yaandikwe. Lakini tangu siku hiyo kijana humwita Mama Mafuta, na ndiye aliyekwenda kumgongea mlango kundi jipya lilipoitwa.

Safari hii MaZondi aliacha mafuta kabisa, hata Jumapili. Naicker alimwambia angeweza kujipaka siku za mapumziko mradi aoge vizuri. Alikataa. "Sikuiamini mikono yangu," anaeleza. Alizikata na kuzipinda ovaroli zake zimtoshe, kisha akazipinda na za wafupi wenzake wawili.

Mtaani hilo halikupita kimya. MaDladla, jirani yake, alimvumilia juma moja tu.

"Hawu, MaZondi! Una msiba hujatuambia?"

"Sina msiba."

"Basi unaumwa."

"Siumwi. Ni kazi."

"Kazi gani hiyo inamzuia mtu kujipaka? Unauza chokaa?"

Akina mama wa kanisani walimletea supu na kumwombea. Aliinywa, akasema amina, akajaribu kuwaeleza habari za ndege. Anadhani hawakumwamini hata mmoja.

Saa nne asubuhi, ndani ya karakana, kipande chake kimelazwa juu ya meza. Anayeshika kifaa cha kupimia ni Siphamandla. MaZondi amesimama nyuma ya mstari wa njano, mikono yake mikavu imefumbatwa mgongoni. Naicker ameegemea ukuta.

Rangi ya bluu inatandaa kwenye kioo, safu baada ya safu. Kijana anafika katikati na kupunguza mwendo.

"Ni hapa, Mama Mafuta. Ndipo ulipolala safari ile."

"Pitisha, usinicheze."

Anapitisha. Anarudia. Bluu.

"Hapa hakuna mtu," anasema Siphamandla. "Mista Naicker, njoo uone. Hapa hakuna mtu kabisa."

Naicker anatazama kwa muda mrefu, kama desturi yake, kisha anaitia saini karatasi na kumpa mwenyewe mkononi. "Jumatatu saa moja," anasema. "Usichelewe siku tatu."

MaZondi anacheka hadi anakaa chini.

Mwezi ujao linaingia kundi jingine, wengi wao wanawake kutoka kiwanda kingine cha viatu kinachofunga milango. Ameomba awapokee yeye, na amekubaliwa. Ile picha yenye doa jekundu ameitafuta hadi akaipata nyuma ya makabati, naye anataka ibandikwe kando ya sinki la kunawia.

"Nikiwaambia tu wasijipake, watasikia nusu, kama nilivyosikia mimi," anasema. "Kila mmoja ataulaza mkono wake pale kwanza. Halafu nitamkabidhi sabuni."

Na mafuta yake, je?

"Kesho Jumamosi kopo linashuka," anasema, akiisugua mikono yake taratibu kama mtu anayeiomba radhi. "Jumapili nitang'aa mpaka mchungaji afumbe macho. Akina mama waone kwamba nimepona. Jumatatu alfajiri najisugua mpaka viwikoni, naenda kazini."