Mtunza Taa na Ukoo wa Poti

"Poti ni kubeba, Mama Sikujua! Impoti, unabeba kuingiza. Eksipoti, unabeba kutoa. Transipoti, unabeba kuvusha. Ukoo mmoja!"

"Na kesho ukishindwa mtihani, watakurudisha kwenye taa zako," mkewe akamjibu. "Wenzako wanakariri maneno mazima."

Mtunza taa huyu wa mgodini Geita alitamani kazi ya ukalimani. Kila neno la Kizungu aliliandika kwa ukucha juu ya goti, akalichinja, kichwa huku, kiwiliwili kule, akipaza sauti mpaka sato wa Nkome, huko ziwani, wakajua Kiingereza.

"Neno halina ukoo, Baba Sikujua!"

"Linao, tena..."

Mzungu msimamizi wa mtihani akaingia bila hodi, siku moja kabla, kumpima papo hapo. Mama Sikujua akapangusa kigoda kwa kanga, akamsogezea mgeni, huku moyoni akiomba maneno yawe na ukoo kweli.