Kikohozi cha Babu Petro

Mpaka leo mzee wa kiume akikohoa nyuma yangu, miguu yangu inataka kunipeleka migombani. Juzi nilikuwa dukani Msasani, hii yetu ya Tukuyu, siyo ile ya Dar mnayoisikia. Mzee mmoja akakohoa huko nje, anasafisha koo lake tu, nami nikajikuta nimejibanza nyuma ya magunia ya mchele. Muuza duka akauliza, "Vipi dada, umeona nyoka?" Nikacheka naye, lakini moyoni sikucheka hata kidogo.

Kwetu Masoko, mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake. Akimsikia anakuja anaacha njia, anageuza mgongo, anajifunika kanga. Na jina lake halitaji, hata liwe la ubatizo. Babu yangu, baba yake baba, aliitwa Petro. Kabla hajaikata kona ya mibuni alikuwa anakohoa, mara mbili, taratibu, na mama alitoweka migombani na ndoo yake kichwani. Mimi nilidhani ni mchezo wao. Rafiki yangu mmoja wa darasani naye aliitwa Petro, na mama akitaka kumkaribisha chakula alimwita Masikio, maana alikuwa nayo makubwa. Mwenzangu alinuna, lakini ndizi alikula.

Babu alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa darasa la kipaimara. Alikuwa na neno lake moja: "Mkristo asiyekubali kufundishwa hakui." Alilisema kanisani, alilisema msibani, hata kwenye kikao cha kugawana mbolea alilipenyeza. Mama alitoka Kyimo, kwenye nyumba isiyokuwa ya kanisa, akabatizwa karibu na harusi yake. Kipaimara hakuwahi kupata. Kwa hiyo wenzake walipoinuka kwenda Meza ya Bwana, yeye alibaki kwenye benchi na sisi watoto, ananifunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Aliitamani ile Meza. Sijawahi kumwona akitamani kitu namna ile, hata nyumba ya bati hakuitamani hivyo.

Sasa angejifunzaje, na mwalimu ndiye baba mkwe? Alijifunza kwa nje. Kila Jumamosi alisimama chini ya dirisha la kanisa, mgongo ukutani, mimi ubavuni pake. Mvua ya kwetu mnaijua, haina adabu. Maji ya paa yalituchirizikia mabegani, na sweta lake la sufu la mtumba likilowa lilinuka kondoo mzima. Ndani babu anauliza, nje mama anajibu kwa midomo tu. Mvua ilipozidi kupiga bati, babu alipaza sauti, nami kwa akili zangu za kitoto niliamini anampazia mama. Labda ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jioni, akimenya ndizi, mama aliyarudia yote jikoni. Akiwataja wanafunzi wa Yesu, akifika kwa yule mmoja alinitikisia kichwa, mimi nalitamka jina kwa niaba yake, naye anaendelea. Tulikuwa tumezoeana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

Siku ya kupimwa akaja mchungaji mpya, kijana mpole, mgeni kutoka mkoa mwingine. Babu alikaa mbele pamoja na wazee wenzake. Mama alisimama amewapa mgongo, kanga imefunika kichwa, na mchungaji wa watu akadhani ni aibu za kike. Alimuuliza mengi. Mama alijibu yote, hata yale yaliyowashinda vijana wa sekondari. Kisha akamwambia ataje wanafunzi wa Yesu.

Mama alianza na Andrea, akaenda vizuri mpaka mwisho.

"Bado mmoja, mama," mchungaji akasema. "Yule mkubwa wao."

"Ndugu yake Andrea."

"Ndiyo. Anaitwa nani?"

Mama akajibu kwa sauti ndogo: "Yule aliyemkana Bwana."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, na wengine wakafuata, maana jina hilo ni la nani pale mbele kila mtu alijua. Mchungaji hakujua wanacheka nini. "Jina, mama. Jina tu."

Ndipo babu akakohoa. Mara mbili, taratibu. Kanisa zima likanyamaza. Nikashusha pumzi, nikasema moyoni, haya, sasa babu anasema. Atamwambia mchungaji: huyu ananiheshimu mimi, jina analijua. Maneno mafupi tu, lakini yalikuwa yake peke yake. Nani mwingine angethubutu kuongelea mkwe wa mtu, na mwenyewe amekaa pale? Mimi nilithubutu. Nilipanda juu ya benchi nikafungua mdomo, bibi akanivuta gauni nikakaa kwa kishindo.

Babu alitazama paa.

"Basi, mama, usivunjike moyo," mchungaji akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Utajifunza zaidi, mwakani utarudi." Wanawake wakatoka wakimwambia mama ndaga, ndaga, kumpa pole kwa Kinyakyusa.

Mwakani hakurudi. Wala dirishani hakusimama tena. Lile sweta akawatandikia kuku waliokuwa wanaatamia. Jumapili za Meza aliendelea kunifunga kamba za viatu, na nilipokua akahamia kwa mdogo wangu.

Babu aliendelea kufundisha. Tulipomzika, waombolezaji walilirudia lile neno lake pale kaburini, asiyekubali kufundishwa hakui, nami nikauma meno nisije nikatukana msibani. Matanga yalipoisha bibi akaniambia kwamba siku ile ya kupimwa, babu hakugusa chakula. Alimwambia, "Yule amejibu kuliko wote." Bibi akamuuliza kwa nini basi hakusema. "Ningesimamaje kumtetea mkwe mbele za watu, na ameshaniita mkanaji?"

Kwa hiyo alijua! Miaka yote nilijifariji kwamba masikio yake yalikuwa mazito, kwamba hakuelewa. Kumbe alielewa vizuri. Mwanamke aliyempa mgongo alimfundisha somo moja tu katika maisha yake, naye akaona heri mama akose Meza kuliko yeye kufundishwa. Nimejaribu kumsamehe. Bado.

Mwaka jana nikamwambia mama, twende kanisani, mchungaji wa sasa atakupokea hata kesho, na lile jina siku hizi unaweza kulitaja, mwenyewe hayupo. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso.

"Nilimsikia akikohoa siku ile," akasema. "Maisha yangu yote pale nyumbani, akikohoa mimi napisha. Siku ile sikupisha, mwanangu. Nilisimama nikangoja, nikidhani anakohoa ili aseme." Akatupa ganda la ndizi. "Kumbe alikuwa ananiambia nipishe."