Shahidi wa Pili wa Ukoko

Kwenye idara ya kamusi walimwita Mama Kadi, na aliyetaka kumchokoza alimwita Mama Droo, kwa sababu ndiye aliyejua kila neno limelala wapi. Droo zilikuwa mia mbili na arobaini, zote za mbao, na kadi zimejaa hadi zinakataa kidole. Wasomi na shahada zao walisimama mbele ya makabati wakikuna vichwa, naye angepita na kikombe chake cha chai, akavuta droo moja bila hata kuitazama na kusema, "Hili hapa, baba."

Usidhani alizaliwa na kadi mkononi. Aliingia jengo lile kama mpishi. Aliwapikia watu kumi na mmoja chakula cha mchana, akaosha vyombo, akaenda zake. Mhariri mkuu wa wakati huo walimwita Bwana Asili, maana hakuweza kutia tonge mdomoni kabla ya kueleza kijiko kilikotoka.

"Sahani hii tulipewa na Waarabu," angesema. "Na meza tulipewa na Wareno."

"Sasa sisi wenyewe tulikuja na nini hapa mezani?" mpishi alimuuliza siku moja.

"Njaa, dada. Hiyo ni yetu kabisa."

Siku waliyofika herufi U, mpishi alikuwa anakusanya vikombe. Msomi mmoja akasoma kadi kwa sauti: "Ukoko: chakula kilichoungua chini ya chungu." Mpishi akasimama palepale na sinia lake.

"Samahani, wakubwa zangu. Aliyeandika hivyo hajawahi kukwangua sufuria maishani mwake."

Wasomi wakainamia karatasi zao, kwani aliyeandika alikuwa Bwana Asili. Yeye hakununa. Alichomoa kadi tupu, akamnyooshea. "Basi andika wewe, dada."

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Shule aliiacha darasa la tatu, na kalamu alikuwa hajaishika tangu wakati huo. Akasema amesahau miwani. Hakuwa na miwani, na hakuwahi kuwa nayo. Bwana Asili akaitazama kadi, akamtazama yeye, kisha akaurudisha mkono taratibu.

"Hata mimi leo mwandiko wangu umekataa," akasema. "Njoo kesho ukimaliza vyombo, tuandike pamoja."

Kadi ile moja iliwachukua siku nne. Ilisema: "Ukoko. Wali ulioshika chini ya sufuria ukakauka, lakini haukuungua." Kwenye nafasi ya asili ya neno, Bwana Asili alimwambia aweke alama ya kuuliza. Alisema hajui lilikotoka na hataki kumdanganya mtu. Kuanzia hapo ikawa kadi moja kila mchana, baada ya vyombo, na baada ya miaka mitatu mpishi akakabidhiwa funguo za makabati. Mpaka leo akisoma maelezo kwenye chupa ya dawa ya mjukuu wake, humshukuru yule mzee kwa sauti, hata akiwa dukani, watu wakageuka kumtazama. Hajali. Shukrani ya namna hiyo haikai tumboni.

Miaka ishirini ikapita. Bwana Asili alikwishastaafu na miguu ilikuwa inamsumbua, na kamusi sasa ndiyo ilikuwa inakwenda kuchapwa. Mama Kadi alipewa kurasa za mwisho azikague. Alirukia U kabla ya yote, nani angejizuia? Akasoma: "Ukoko: chakula kilichoungua chini ya chungu."

Akapiga moyo konde, akaenda kwa mkuu mpya wa idara. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na wakati mwingine hao ndio wanaochosha zaidi.

"Mama Kadi, kubadilisha maana tunataka mashahidi wawili, wa nyumba mbili tofauti, kila mmoja ahojiwe na mhariri. Kadi yako ina shahidi mmoja, wewe mwenyewe. Na kanuni si yangu, aliitunga mzee wako."

Kweli aliitunga mzee wake. Kadi ile ilikuwa inangoja shahidi wa pili miaka yote hiyo. Bwana Asili alisahau, na Mama Kadi aliona haya kukumbusha, asije akaonekana anajipendekeza.

"Mswada unaondoka kesho saa mbili asubuhi," mkuu akaendelea. "Wahariri nimewapa likizo, na mimi nina mkutano mpaka jioni. Lakini mzee bado ana kibali cha kuhoji. Kadi ikinifikia leo kabla sijafunga ofisi, nabadilisha."

Kamusi ilikuwa na maneno elfu arobaini, na neno moja likikosewa hakuna mtu angelala njaa. Lakini hilo ndilo neno la kwanza aliloliandika akiwa mtu mzima, kwa mkono wake, na lilimuuma kuliona likiingia kitabuni limekosewa. Alichukua kadi, akaifunga kwenye leso, akashika njia.

Alimkuta Bwana Asili sebuleni, miguu juu ya kigoda. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na mkewe alisikika akihangaika na masufuria. Mama Kadi akaeleza yote, kisha akaomba, "Mzee wangu, si uweke tu saini wewe uwe shahidi wa pili?"

"Mimi? Neno nilifundishwa na wewe, halafu nije nikutolee ushahidi? Hapana, dada. Niletee mpishi nimhoji."

"Basi nikamfuate jirani yangu. Ila anakaa mbali, sijui kama tutawahi."

"Kwani humu ndani anayepika ni nani?" sauti ikatoka jikoni. "Paka?"

Mke wa Bwana Asili akatokea mlangoni akifuta mikono kwenye kanga. Mzee akamtazama kama mgeni. Mtu huyu aliwahoji waashi, wakunga na wawindaji. Aliwahi hata kumfuata mwizi gerezani kwa ajili ya neno moja. Katika miaka arobaini na sita ya ndoa hakuwahi kumhoji mkewe.

"Haya, keti," akasema, na sauti yake ikawa ya kazini. "Ukoko ni nini?"

"Ule wali ulioshika chini ya sufuria, ukakauka, ukawa rangi ya biskuti. Ukiubandua na mwiko unalia kru, kru."

"Endelea."

"Niendelee wapi? Ukiungua huo si ukoko tena. Huo ni makaa."

Kalamu ikasimama. "Lakini wewe mwenyewe, wiki ile ya kwanza tulipooana..."

"Wiki ile nilichoma wali," mkewe akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesimama jikoni nalia. Ukaingia, ukachukua kipande cheusi tii, ukatafuna, ukasema, 'Ukoko mtamu huu.' Nikajua nimeolewa na mtu mwema, ananifichia aibu yangu."

Bwana Asili akavua miwani. "Sikuwa nakufichia. Nimekulia bwenini, jiko nililiona kwako. Nilidhani kweli ndio ukoko. Nikaandika kadi siku ileile."

"Kwa hiyo miaka yote hii nakushukuru bure?"

"Na siku zile nilizouomba tena?"

"Nilikuwa nauchoma makusudi, si ndio ulikuwa unaupenda!"

"Mpaka lini?"

"Mpaka jana, baba watoto."

Mama Kadi alitaka kucheka, akajikuta anafuta macho. Alimtazama mzee aliyemfundisha kusoma, anayejua sahani ilitoka wapi na meza ilitoka wapi, ameketi kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Akampenda zaidi kuliko siku zote.

"Ahsante, mama," akamwambia yule bibi. "Hujui ulichonipa leo."

"Ahsante ya nini, mwanangu? Nimejibu tu nilichoulizwa." Kisha akaichungulia kadi. "Hapo mnaandika jina langu? Nani atalisoma?"

"Kitabuni halitoki. Linabaki kwenye kadi, droo ya U."

"Mpaka lini?"

"Muda wote jengo litakapokuwa limesimama."

"Basi liandikeni vizuri."

Bwana Asili akaliandika yeye mwenyewe, polepole, jina la mkewe, pamoja na la baba na la babu wa mkewe. Akapuliza wino, akamkabidhi Mama Kadi kadi yake. Mama Kadi akaifunga kwenye leso na kuinuka, maana mkuu alikuwa anangoja.

Alipogeuka mlangoni kuaga, hakuna aliyemtazama. Mzee alikwishavuta kadi tupu kutoka mfukoni na kuilaza gotini.

"Usirudi jikoni kwanza," alikuwa anamwambia mkewe. "Tuanze na A."

Mkewe akavuta kiti.